Maji Haya Yanakula Nini?

Linapofunguliwa bomba la maji katika kijiji chochote cha visiwa vyetu, siku hiyo huwa ni ya sherehe. Hukatwa utepe, hupigwa ngoma, mgeni wa heshima hufungua mfereji kwa mkono wake, na glasi ya kwanza hunywewa mbele ya watu ili ipigwe picha. Sisi wa upande wa upinzani aghlabu husimama nyuma ya umati, na kazi yetu huwa ni kuhesabu. Iliahidiwa mifereji mingapi? Mingapi imetoa maji? Mashine ilinunuliwa kwa bei gani, na ilifanya kazi siku ngapi kabla ya kufa? Hesabu hizo tumezichapa katika karatasi hii mara nyingi, wala hatujutii hata moja.

Lakini leo twataka kukiri upungufu wetu wenyewe. Katika kuhesabu mifereji tumesahau kuuliza swali lililo kubwa kuliko idadi. Maji hayo yanayopita ndani ya bomba, yanalifanya nini bomba? Yanalijaza chokaa mpaka njia ikaziba, au yanalila mpaka likatoboka? Na likiliwa, kile kilicholiwa kinakwenda wapi, ikiwa si katika tumbo la mwenye kunywa?

Yumkini baadhi ya ndugu zetu watasema kuwa hayo ni mambo ya mabwana wa maabara, wenye chupa na vipimo, na kuwa chama cha siasa hakina haki ya kuingiza mdomo wake humo. Sisi nasi tulikuwa na fikira hiyo. Iliyotugeuza ni khabari ya mji mmoja wa Marekani uitwao Flint, na tutaieleza kwa urefu, kwani mambo yake yalichunguzwa na mabaraza na mahakama, na barua za wakubwa zilitolewa hadharani zikasomwa na kila mtu. Kabla ya kusafiri mpaka huko, hapana budi tupite jikoni kwetu.

Tuanze na birika. Nani kati yetu hakuliona gamba jeupe linalogandamana ndani ya birika la chai lililotumika mwaka mzima bila ya kusuguliwa? Gamba hilo ni jiwe. Asili yake ni matumbawe yale yale tunayojengea nyumba, na tunayoyachoma tanuri tukapata chokaa. Mvua inapopenya ardhini huchukua hewa ya kaboni, kidogo kutoka angani na kwa wingi zaidi kutoka katika udongo, ikawa na uchachu mwepesi usiotambulikana kwa ulimi. Kwa uchachu huo huyayusha jiwe kidogo kidogo, na maji yanapofika kisimani huwa yamebeba jiwe ndani yake ijapokuwa kwa macho ni maangavu kabisa. Haya ndiyo maji magumu, yanayokataa kutoa povu la sabuni. Yakichemshwa, ile hewa hutoka, na jiwe lililoyayuka hukosa cha kulishika, likaanguka na kuganda. Kinamama wetu hulitoa kwa ndimu au kwa siki, na lile povu linalopanda wakati huo ni hewa ile ile ikitoka tena. Basi mwenye kusafisha birika ameshaifanya kwa mikono yake sehemu kubwa ya elimu tunayotaka kuisema hapa: uchachu huyayusha jiwe, na uchachu ukiondoka jiwe hurudi.

Sasa tazama upande wa pili. Maji yasiyobeba kitu hayatulii. Maji ya mvua yaliyokingwa juu ya mabati, au maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo, huwa hayana chokaa wala kinga yoyote, nayo hutafuta cha kuchukua katika kila yanachokigusa: chuma, shaba, saruji, risasi. Ndugu na jamaa zetu walioko Maskati na Dubai hunywa kwa wingi maji ya bahari yaliyosafishwa. Maji hayo yakitoka mitamboni hayaachwi kuingia mjini vivi hivi. Hupitishwa katika mawe ya chokaa, au hutiwa chokaa na hewa ya kaboni, mpaka yashibe kadiri inayotakiwa. Hulishwa chokaa kwa makusudi, chokaa ile ile tunayoilaumu ndani ya birika. Na mahoteli ya pwani yanayojitengenezea maji ya namna hiyo yana wajibu huo huo kwa mabomba yao na kwa wageni wao.

Kumbe basi hakuna maji mema na maji maovu, kuna mizani. Yakizidi upande mmoja huweka gamba, na gamba huua pampu, huziba vali, na hula kuni na umeme kwa sababu moto hauwezi kupenya jiwe upesi. Yakizidi upande wa pili hula bomba. Na katikati pana hali ambayo ndiyo inayotakikana, yaani utando mwembamba unaokaa juu ya ukuta wa bomba kama rangi juu ya ubao, ukalizuia bomba lisiguswe na maji na maji yasiguswe na bomba.

Mwaka 1936 mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Wilfred Langelier, alitoa hesabu ya kuipima mizani hiyo, na hesabu hiyo ingali ikitumika duniani. Hupimwa uchachu wa maji kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo kati yake. Chini ya hapo maji huelekea kwenye ukali wa ndimu, na juu ya hapo huelekea kwenye hali ya magadi. Hupimwa pia chokaa iliyomo, nguvu ya maji ya kustahimili uchachu, chumvi zote kwa jumla, na joto. Kutokana na hayo hujulikana pH ambayo maji yale yale yangekuwa nayo lau yangekuwa yameshiba chokaa sawasawa. Ya kweli hutolewa ile ya kushiba. Jawabu likiwa sifuri, mizani imekaa. Likizidi sifuri, maji yataweka gamba. Likipungua, maji hayaweki kitu, na hata gamba lililokuwapo huanza kuyayuka. Ni hesabu ambayo mtoto wa skuli ya sekondari anaweza kufundishwa.

Lakini hesabu hiyo inasema juu ya chokaa tu. Haisemi lolote juu ya risasi, wala haisemi yote juu ya kloridi, yaani ile chumvi ya baharini ambayo kila mtu wa pwani anajua inavyoumaliza msumari. Maji yanaweza kuwa magumu, yenye chokaa tele, na bado yakala chuma ikiwa kloridi ni nyingi. Kisima kilicho karibu na ufuko kikivutwa kupita kiasi huvuta bahari, na madhara yake hayaishii katika ladha ya chai. Msomaji aliweke neno hili moyoni, kwani tutalikuta tena huko tunakokwenda.

Flint ni mji wa Jimbo la Michigan, na ndipo ilipoasisiwa kampuni ya General Motors mwaka 1908. Katika mwaka 1960 ulikuwa na watu wapatao 197,000. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kimoja, watu wakahama, na ilipofika mwaka 2014 walibaki kiasi cha 100,000, zaidi ya nusu yao watu weusi, na wengi wao mafukara. Mji ulipokosa fedha, serikali ya jimbo iliuweka chini ya msimamizi wa dharura tangu mwaka 2011. Msimamizi huyo hakuchaguliwa na mtu yeyote wa Flint. Alikuwa na uwezo wa kutengua uamuzi wa meya na wa baraza la mji, na hesabu yake aliitoa kwa gavana aliyemteua. Wananchi wa Michigan waliikataa kwa kura sheria iliyokuwa ikiwapa wasimamizi nguvu hizo, mwezi wa Novemba 2012. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, mwezi wa Disemba mwaka ule ule, wakubwa wa jimbo walipitisha sheria nyengine ya namna ile ile, na safari hii wakaitengeneza ili isiweze kupelekwa tena kwenye kura. Tusomapo hayo hatuhitaji mkalimani.

Kwa miaka karibu 50 mji huo ulikuwa ukinunua maji ya Ziwa Huron kutoka Detroit. Maji hayo yalitiwa dawa iitwayo fosfati, nayo kazi yake ni moja tu. Hukutana na risasi iliyo juu ya ukuta wa bomba wakafanya utando mgumu usioyayuka upesi, na risasi ikabaki mahali pake. Flint, kama miji mingi ya zamani ya nchi hiyo, ilikuwa na maelfu ya nyumba zilizounganishwa na bomba kuu kwa mabomba ya risasi. Watu walikuwa wakinywa maji yaliyopita katika sumu, wala sumu haikuwafikia, kwa sababu ya utando ambao wembamba wake hauonekani kwa macho.

Tarehe 25 Aprili 2014, kwa ajili ya kubana matumizi, mji ulihamishwa kwenye maji ya Mto Flint mpaka litakapomalizika bomba jipya la kutoka ziwani. Ilifanywa sherehe. Meya, ambaye huyu alichaguliwa na watu, alibonyeza kitufe, na wakubwa waliokuwapo wakainua glasi zao wakanywa. Hatumtaji kwa kumcheka. Twamtaja kwa sababu picha ile ya glasi twaijua vizuri, na baadhi ya picha hizo sisi wenyewe tumesimama ndani yake.

Maji ya mto yalikuwa na kloridi mara kadhaa kuliko ya ziwa, na dawa ya kusafishia iliyotumika kiwandani ikaongeza kloridi nyengine. Na fosfati haikutiwa. Haikutiwa kidogo, wala haikutiwa kwa makosa ya kipimo: haikutiwa kabisa. Sheria ya nchi yao ya mwaka 1991 inautaka kila mji wenye watu zaidi ya 50,000 uwe na dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Idara ya jimbo iliyokuwa na wajibu wa kusimamia sheria hiyo iliona kuwa kwanza yapimwe maji kwa vipindi viwili vya miezi sita, kisha ndipo ijulikane kama dawa inahitajiwa. Maana yake ni kuwa watu walifanywa chombo cha kupimia. Gharama ya fosfati hiyo ilitajwa baadaye hadharani na mabwana wa fani kuwa haifiki dola 150 kwa siku kwa mji mzima.

Maji yakaanza kula. Chuma kikaoza, na mifereji ikatoa maji ya rangi ya kahawia. Kutu hiyo ikaitumia klorini iliyowekwa kuua vijidudu, kwa hivyo vijidudu navyo vikapata nafasi, na katika mwezi wa Agosti na Septemba mwaka ule watu waliamrishwa kuchemsha maji. Wakaongeza klorini, na klorini ilipokutana na uchafu wa mto ikazaa madawa mengine mabaya, hata mwezi wa Januari 2015 ikabidi watu watangaziwe kuwa kiwango cha sheria kimepindukiwa. Katika miaka hiyo miwili watu wapatao 90 wa wilaya hiyo walishikwa na maradhi ya mapafu yaitwayo Legionnaires, na 12 kati yao walikufa. Wataalamu waliochunguza waliyafungamanisha na maji hayo yaliyopungukiwa na klorini. Hivyo ndivyo ilivyo mizani ikivunjwa upande mmoja: kila anayekimbilia kuzuia hapa hufungua pengine. Na wakati wote huo utando wa risasi ulikuwa ukiyayuka kimya kimya, bila ya rangi, bila ya harufu, bila ya ladha.

Sasa tunafika pahala ambapo kalamu yetu inakuwa nzito. Mwezi wa Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kilichoko mjini humo kiliona kuwa vyuma vyake vinaliwa na maji. Wahandisi wake wakapima, wakaona kloridi imezidi, wakaomba waondolewe kwenye maji ya mto. Wakakubaliwa. Kiwanda kikaunganishwa na maji ya ziwa ya jirani, na injini zikapona. Watu wa mji ule ule, waliokuwa tangu miezi mitano wakileta mabaraza ya mji chupa za maji ya kahawia na watoto wenye vipele, waliambiwa kuwa maji ni salama.

Tumelisoma jambo hili mara nyingi, tukitafuta udhuru wa kuwapa waliokuwa wakiamua, na hatukuupata. Hawawezi kusema kuwa hawakujua maji yanakula chuma, maana walikubali kwa maandishi kuwa yanakula. Je, walidhani maji hayo yatakula injini na kuliacha bomba? Au walijua kuwa bomba nalo litaliwa, ila bomba halina mhandisi wa kulisemea? Kiwanda kilikuwa na vipimo vyake, na kilikuja na hesabu mkononi. Mama wa Flint alikuja na chupa.

Baraza la mji, na hili twaomba lisomwe kwa sauti katika matawi, lilipiga kura mwezi wa Machi 2015, kura saba kwa moja, kwamba mji urudi kwenye maji ya Detroit. Kabla ya hapo Detroit ilikwisha kusema kuwa iko tayari kuwaunganisha tena bila ya ada ya kujiunga. Msimamizi wa dharura aliikataa kura hiyo kwa sababu ya gharama. Kura saba za watu waliochaguliwa zikatupwa na mtu mmoja asiyechaguliwa, na mji ukanywa maji ya mto miezi saba mengine.

Mmoja wa akina mama hao, LeeAnne Walters, hakutosheka na majibu. Maji ya nyumbani kwake yalipopimwa mwezi wa Februari 2015 yalionekana kuwa na risasi mikrogramu 104 katika lita moja, hali mpaka unaoilazimu idara kuchukua hatua ni 15. Wakubwa wakasema kasoro imo katika mabomba ya ndani ya nyumba yake. Mabomba ya ndani ya nyumba yake yalikuwa ya plastiki. Twalisisitiza neno hili kwa sababu hapa kwetu tumezoea kudhani kuwa plastiki ikishafika basi mambo yamekwisha: maji huja nyumbani yakiwa tayari yamekula kitu njiani, na mfereji wenyewe wa shaba iliyochanganywa unaweza kuwa na risasi ndani yake. Mama huyo akasoma taarifa za maji za mji, akagundua kuwa dawa ya kuzuia kula mabomba haimo, akamwambia Miguel Del Toral wa idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia maji. Bwana huyo alipouliza, idara ya jimbo ilikuwa imeshajibu mwezi wa Februari kuwa dawa ipo. Mwezi wa Aprili ikabidi ikiri kuwa haipo. Mwezi wa Juni akaandika waraka wa kutahadharisha. Mwezi wa Julai msemaji wa idara ya jimbo aliwaambia watu redioni watulie.

Waliosaidia kuvunja ukimya ni watu wa nje ya serikali. Marc Edwards, mwalimu wa chuo cha Virginia Tech, pamoja na wanafunzi wake, waliwapelekea wakaazi chupa 300, na wakaazi wenyewe wakazijaza kwa utaratibu waliofundishwa. Zilirudi 252. Katika nyumba ya mama Walters sampuli moja ilifika mikrogramu 13,200 kwa lita, na katika nchi hiyo kitu chenye 5,000 huhesabiwa kuwa ni taka zenye khatari. Hapo hapo ikafahamika kuwa katika upimaji wa serikali sampuli mbili zilizokuwa juu ziliondolewa, na kwa kuondolewa kwake hesabu ya mji ikashuka chini ya 15. Tarehe 24 Septemba 2015 Daktari Mona Hanna-Attisha, tabibu wa watoto, alitoa hesabu za damu: watoto wa chini ya miaka mitano wenye risasi iliyozidi katika damu walikuwa asilimia 2.4 kabla ya kubadilishwa maji, na sasa wamekuwa asilimia 4.9. Wakubwa wakamkanusha, kisha baada ya siku chache wakakubali. Tarehe 16 Oktoba 2015 mji ulirudishwa kwenye maji ya ziwa.

Risasi haina kiwango kisichodhuru katika mwili wa mtoto. Huingia katika ubongo unaokua, ikapunguza fahamu na utulivu, wala hapana dawa ya kurudisha kilichopotea. Madai ya wananchi yalimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 626, yaliyoidhinishwa mahakamani mwezi wa Novemba 2021. Mashtaka ya jinai dhidi ya wakubwa yaliangushwa kwa kasoro za utaratibu, na mwaka 2023 yalifungwa bila ya yeyote wa juu kuhukumiwa. Kazi ya kufukua na kubadilisha mabomba ya risasi, karibu 11,000, ilitangazwa kuwa imekamilika mwezi wa Julai 2025. Msomaji na afanye mwenyewe hesabu ya dola 150 kwa siku katika miezi 18.

Huenda mtu akasema kuwa hayo yalikuwa ya mji fukara uliotupwa. Basi na atazame Washington, mji mkuu wa nchi hiyo hiyo, walipobadilisha namna ya klorini mwishoni mwa mwaka 2000 kwa nia njema kabisa, na utando uliokuwa ukiilinda risasi ukavunjika. Watu wakanywa mpaka mwaka 2004 ndipo khabari ilipofichuka na fosfati ikatiwa. Au atazame Glasgow, ambayo tangu mwaka 1859 ilijivunia maji laini ya Loch Katrine, matamu na mepesi kwa sabuni, ambayo kwa ulaini wake ule ule yalikuwa yakila mabomba ya risasi. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya kuanza kuyatia chokaa mwaka 1978, na fosfati mwaka 1989.

Turudi kwetu. Hatusemi, na twaomba mtu asitusingizie, kuwa maji ya visiwa hivi yana sumu. Chama kinachotangaza sumu bila ya kipimo kina kosa moja na serikali inayotangaza usalama bila ya kipimo, na tutamkemea mwanachama yeyote atakayekwenda kuwatisha watu kwa jina la makala hii. Mabomba yetu ni ya chuma na plastiki zaidi kuliko ya risasi, na maji ya mawe yetu aghlabu huelekea upande wa gamba. Lakini pale kisima kinapovuta bahari, pale maji ya mvua yanapochanganywa na ya kisima, pale chanzo kinapobadilishwa kwa sababu mashine imekufa, mizani hubadilika siku hiyo hiyo, wala bomba halingoji taarifa.

Kwa hivyo tunalolitaka ni dogo. Pahala pa wazi, katika ofisi ya kila sheha anayehudumiwa na maji ya bomba, ibandikwe karatasi moja kila mwezi yenye pH, ugumu wa maji, nguvu yake ya kustahimili uchachu, kloridi, klorini iliyobaki, na chuma. Na mara moja kwa mwaka risasi na shaba. Vipimo visichukuliwe kisimani peke yake, bali katika mifereji ya majumbani, tena asubuhi kabla ya maji kumwagwa, maana maji yaliyolala ndani ya bomba ndiyo yaliyokula. Iandikwe tarehe chanzo kinapobadilishwa, na dawa gani imetiwa au haikutiwa. Na chini yake liwepo jina la mtu aliyetia sahihi. Hili la jina ndilo tunalolitarajia kupingwa zaidi.

Tumetuma nakala ya madai haya kwa wanaohusika, na tumewaomba makatibu wa matawi yote ya Unguja na Pemba waandike barua ya namna hiyo kwa masheha wao, kwa lugha ya heshima, wakibakisha nakala yenye tarehe. Majibu yatakayoletwa tutayachapa kama yalivyo, hata yakiwa ni hesabu nzuri zinazoipa sifa serikali. Na tawi ambalo halikujibiwa lituletee tarehe ya barua yake, nayo tutaichapa.